Ukitaka Kujibu, Soma Kwanza

Bango lilikuwa la manjano, limeandikwa kwa herufi kubwa MIMI NI MSHINDI. Ofisi ya elimu iliagiza libandikwe mbele ya darasa, mahali ambapo kila mwanafunzi angeliona. Nikalibandika. Katika watu kumi na mmoja waliokuwa mle ndani, hakuna hata mmoja aliyeweza kulisoma.

Darasa lenyewe lilikuwa ukumbi wa kanisa kule Makongeni, karibu na nyumba za reli, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa nane mchana mpaka saa kumi. Watoto wa mtaa walituita ngumbaru. Walichungulia dirishani kuwaona watu wenye wajukuu wakiimba a, e, i, o, u, wakacheka mpaka wakashika magoti. Mimi nilikuwa nimefundisha watoto kama hao miaka kumi na minne kabla ya kuhamishiwa huko, na sitaficha: niliona nimeshushwa cheo. Mtoto ukimkaripia anasoma. Mtu mzima ukimkaripia anachukua mkoba wake anaenda nyumbani kuchemsha maharagwe.

Hatujafika mbali, ofisi ikatuletea kijana wa kutufundisha fikra chanya. Alikuwa amevaa suti ya bluu na viatu bila soksi. Akatusalimia, "Niaje, washindi?" na wazee wangu wakatazamana kuona ni nani huyo anayesalimiwa. Kisha akatoa kioo cha mkononi. Kila mtu ajitazame, akasema, na atamke mara tatu kwamba anajipenda, anajiamini na anaweza.

Kioo kilianza kwa mama mmoja wa Majengo, muuza viatu vya mitumba Gikomba tangu ujana wake, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwekewa breki. Alijitazama, akaurekebisha mtandio, akakirudisha.

"Mwanangu, mimi nina miaka sitini na miwili," alisema. "Huyu tumezoeana. Nilikuja kutafuta kusoma."

Kikapita kwa dereva, mzee mstaafu wa malori aliyekuwa akitoka Njiru kuja kwetu. Miaka yote aliyoendesha kwenda Kampala na kurudi alikuwa hajasoma kibao hata kimoja, barabara aliijua kwa kona zake. Yeye alikitumia kioo kung'oa unywele wa puani, akashukuru kwa dhati. Wa tatu alikuwa fundi. Fundi hakukishika. Alikitazama kioo kile, akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Hakurudi kwa wiki mbili.

Wenzake walijua sababu, na mimi niliijua kabla hajajiandikisha, maana Eastlands nzima iliijua. Fundi alikuwa mchongaji, Mkamba wa makamo, mwenye kibanda chake si mbali na Jogoo Road. Kwa zaidi ya miaka ishirini alichonga misalaba ya makaburi bila kujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Watu walimletea karatasi yenye jina la marehemu na tarehe zake, naye akaifuata kila alama kwa patasi, na herufi zikatoka nzuri kuliko za mashine. Hakuna aliyeshuku. Kisha ikaja familia moja yenye haraka. Kijana wao aliandika jina la bibi yao, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na chini kabisa akamwachia fundi ujumbe: Nitachukua Ijumaa asubuhi. Fundi akachonga yote. Hata nukta hakuisahau.

Msalaba ulifungwa kwa gunia ukapelekwa makaburini, ukafunuliwa mbele ya watu, na katekista akausoma kwa sauti yake ya Jumapili mpaka mstari wa mwisho. Watu waliangua kicheko penye kaburi wazi. Wachache hawakucheka. Waliona marehemu ametoa onyo, na nasikia wapo waliojifungia nyumbani Ijumaa iliyofuata. Vijana walipiga picha, picha zikatembea kwenye simu kutoka Makongeni hadi Njiru, na jioni ile msalaba ukarudi ukatupwa mlangoni mwa kibanda. Tangu siku hiyo fundi hakuchonga tena herufi.

Nilimfuata huko kibandani. Nilimkuta ameketi kati ya twiga, vifaru na miiko ya kupikia, anampiga twiga msasa shingoni. Nikamwambia maneno ya bango kwa sababu sikuwa na mengine: jiamini, unaweza, usikate tamaa. Niliyasikia yakitoka mdomoni mwangu na nikajichukia. Yeye alipuliza vumbi la mbao, akamgeuza twiga wake upande wa pili.

"Mwalimu," alisema, "twiga hasomwi."

Nilimwambia tu kwamba kioo nimekifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Jumatatu iliyofuata alirudi, akakaa nyuma kabisa, kiti cha karibu na mlango, kofia kichwani.

Alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Mwandiko wake ulinishinda mimi mwenye cheti. Nikiandika sentensi ubaoni aliinakili kwenye daftari ikiwa nzima, na siku moja nilikuta amenakili pia mkwaruzo ulioachwa na chaki yangu ilipovunjika. Lakini ukiufunika ubao ukamuuliza ameandika nini, anautazama mlango. Nikimsifu, "Vizuri sana, fundi," uso wake unazidi kufungika. Nilichukua muda kuelewa kwamba mtu aliyeaibika kwa kunakili vizuri hawezi kufurahia kusifiwa kwa kunakili vizuri.

Wengine nao walikuwa na ujanja wao. Kitabu cha ofisi kilikuwa na sentensi kama Mama anapika uji na Baba analima shamba. Baada ya wiki tatu darasa lote lilikisoma bila kukwama, nikavimba kichwa, nikawaza hata kuandika ripoti. Kisha nikagundua dereva anasoma ukurasa wa tisa huku amefungua wa kumi na nne. Walikuwa wamekikariri kitabu kizima, kutoka jalada mpaka jalada, kama watu wa kwaya.

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumkaripia dereva, nikageuka, nikamkuta amesinzia, kidevu kifuani. Badala ya kupiga kelele nikachukua chaki nikaandika ubaoni: Dereva amelala tena. Wawili waliokaa mbele walianza kuunganisha silabi polepole. Mmoja akafika mwisho akacheka, wa pili akamfuata, na kicheko kikamwamsha mwenyewe.

"Mnanicheka nini?" akauliza. Hakuna aliyemwambia. Mama wa Majengo, ambaye yeye mwenyewe alikuwa bado hajafika neno la pili, alikunja mikono akasema imeandikwa hapo, si ana macho?

Dereva alisimama mbele ya ubao ule robo saa nzima. Jina la kazi yake alilijua, lilikuwa kwenye leseni, kwa hiyo alijua ni yeye anayesemwa, na hilo ndilo lililomkera. Alitokwa na jasho. Alirudi nyuma, akaanza upya, akatupa mkono hewani kila nilipojaribu kumsaidia. Alipoipata sentensi nzima aliisoma kwa sauti, akatafakari, kisha akaniomba chaki. Tulitumia robo saa nyingine, yeye akiniuliza sauti hii inaandikwa vipi, mimi nikimwonyesha, mpaka ubao ukasema: Mwalimu pia alilala juzi.

Ilikuwa kweli. Juzi yake nililala.

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu. Mtu mzima hasomi kwa kuambiwa ni mshindi. Anasoma akishuku amesemwa. Tukaweka sheria zetu na hatukuipa ofisi nakala: kila siku mmoja aandike sentensi ya kumchokoza mwenzake, iwe ya kweli, isimguse mzazi aliyemzaa wala ugonjwa, na aliyechokozwa haruhusiwi kujibu mpaka aisome mwenyewe kwa sauti. Nikamwandikia mama wa Majengo kwamba aliwahi kumuuzia mtu viatu viwili vya mguu wa kushoto. Aliisoma kwa dakika kumi na kunijibu kwa dakika ishirini. Naye akamwandikia dereva: Nyumbani kwako nani anashika rimoti, wewe au mama mkwe? Ukumbi ulivuma, maana mama mkwe wa dereva tulimjua kwa sifa. Aliishi nao Njiru na alikuwa hajamwita mkwewe kwa jina lake tangu harusi.

Watu waliokuwa wakikosa darasa kila Alhamisi walianza kufika mapema ili wasisemwe wakiwa hawapo. Mabega yalinyooka. Watu walibishana nami kuhusu herufi, wakaniambia nimeandika ovyo, wakanyang'anyana chaki. Kijana wa suti alipokuja kukagua tulifungua ukurasa wa tisa tukamsomea kwa pamoja, akafurahi, akatupiga picha chini ya bango lake.

Fundi peke yake ndiye ambaye hakuguswa. Hakuna aliyetoa amri hiyo, ila kila mtu aliona kidonda chake kiko wazi mno. Tulimpitia kama mtu anavyopitia mbali na mbwa aliyelala, tukajiona watu wenye huruma. Yeye alikaa pale mlangoni akinakili matani ya wenzake kwa mwandiko wa kupendeza, wiki baada ya wiki. Sasa naona tulikuwa tunamfukuza kwa adabu.

Siku moja ya Jumatano zamu ilikuwa ya mama wa Majengo. Alienda ubaoni, akashika chaki kama kisu cha jikoni, akaandika bila kuniuliza hata herufi moja. Alipojitenga nikaisoma: Fundi, Ijumaa zimepita nyingi, mbona hujatuchukua?

Dereva alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Nilikasirika. Nilimwona mama yule ni mtu katili, asiye na utu, na nilikuwa nimekwisha kuchukua kifutio nilipoisikia sauti kutoka mlangoni.

"Mwalimu, acha," fundi alisema. "Bado sijasoma."

Alivua kofia. Alikuja mbele, akaweka kidole cha shahada chini ya herufi ya kwanza, kidole kikubwa chenye makovu ya patasi, akaanza. Alisoma jina lake la kazi. Alipofika kwenye Ijumaa kidole kilisimama, kwa kuwa neno lile alikuwa amewahi kulichonga bila kulijua na sasa alikuwa akikutana nalo uso kwa uso. Alilisoma. Akaendelea hadi alama ya kuuliza. Kisha akaanza kucheka, si kicheko kikubwa, kile cha tumboni kinachomtingisha mtu bila sauti, na mama wa Majengo akamnyooshea chaki.

Ilimchukua muda uliobaki wa kipindi. Aliandika: Mama, wewe nitakuchonga mdomo tu, mbao haitoshi. Mwandiko ulikuwa mbaya sana. Herufi zilipanda na kushuka, nyingine kubwa, nyingine ndogo, neno la mwisho likabanwa pembeni mwa ubao. Nilitazama uchafu ule nikafurahi, kwa sababu ulikuwa mwandiko wa kwanza kutoka kichwani mwake, haukutoka kwenye karatasi ya mtu.

Miezi mitatu baadaye mama mkwe wa dereva alifariki. Alikuwa mzee sana na alikufa usingizini baada ya kulalamika kwamba chai haina tangawizi. Angezikwa kwao Kangundo, na hapo ndipo dereva alipokuwa na shida. Mashemeji zake walimdharau tangu siku aliyopeleka barua ya posa iliyoandikwa na mtu mwingine. Miaka thelathini walikuwa wanangoja akosee jambo kubwa mbele ya watu, na familia ilikuwa imempa yeye jukumu la msalaba.

Alikuja Jumatatu, akaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Nataka msalaba," akasema.

"Niletee karatasi," fundi akajibu kwa mazoea.

"Sileti karatasi. Nikikuandikia utanakili. Mimi nitasema, wewe uandike."

Waliketi pembeni, dereva akinong'ona, fundi akiandika, anafuta, anaandika tena. Kuna mahali fundi alimtazama usoni akamuuliza kama ana uhakika, na dereva akamwambia wamekubaliana na mkewe. Nilinyoosha shingo. Fundi akalifunga daftari. Nikajitolea kulipitia, nikasema ni desturi ya mwalimu, dakika moja tu. Akasema asante, akalitia mfukoni.

Sikulala vizuri wiki ile. Nilijua madaftari yao yalivyojaa makosa, na mbao haina kifutio. Fundi akikosea safari hii, tena Kangundo, mbele ya Wakamba wenzake, hatashika chochote chenye herufi mpaka afe, na dereva atakuwa amewapa mashemeji zawadi waliyoingoja miaka thelathini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, isipokuwa hapa fundi ndiye aliyeumwa na mimi ndiye niliyekuwa nikishtuka.

Ijumaa nikapita kibandani nikijifanya naelekea sokoni, ingawa soko liko upande mwingine. Msalaba ulikuwa umesimamishwa ukutani, umefunikwa gunia. Nikausifu mti wake. Nikasema ningependa kuuona kidogo, kwa uzuri wake tu.

"Umekuja kuuona au kuusahihisha?" akaniuliza.

"Kuuona."

"Basi utauona kesho na wenzako."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mimi niliyemtoa kwenye twiga, nikawaza, leo ananifungia mlango.

Kangundo tulifika darasa zima, mama wa Majengo akiwa na buibui lake jeusi kati ya kina mama wa kanisa, akiwauliza bei ya parachichi. Shemeji mkubwa alisimama kichwani pa kaburi, mzee mrefu mwenye sauti ya mnada wa ng'ombe, na alikuwa amekwisha kumuuliza dereva mara mbili kama msalaba umefika kweli. Baada ya sala ukaletwa. Fundi mwenyewe alitoa kisu akashika kamba ya gunia.

Nikafumba macho. Nilijiambia naomba.

Nilisikia gunia likianguka. Kisha nikasikia sauti niliyoijua, maana mama wa Majengo, tangu ajue kusoma, alikuwa akisoma kila kitu kwa sauti, pakiti za chumvi, mabango ya wagombea, mpaka onyo la nguzo ya stima. Alisoma majina ya marehemu, yote manne, polepole, yakiwa sawa. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, sawa, na ya kufa, sawa. Nikaanza kupumua. Lakini mama hakunyamaza.

"Hakunipenda," akasoma. "Lakini alinilisha."

Nikafumbua macho. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba fundi amerudia kosa lile: dereva alinung'unika tu kama kawaida yake, na huyu akachonga kila alichosikia. Shemeji mkubwa alikuwa ameinama karibu na mbao, midomo ikicheza, anasoma tena mwenyewe. Akajiinua.

"Nani ameandika haya?" akauliza.

"Mimi," fundi akasema.

"Uliambiwa, ama ulikosea?"

"Niliambiwa, nikaandika. Sikukosea."

Dereva alikuwa amekauka kama nguzo. Mkewe ndiye aliyesogea, binti wa marehemu, akaweka kiganja juu ya mstari ule wa mwisho, akawaambia kaka zake kwamba maneno ni ya mumewe na yeye ameyakubali. Shemeji mkubwa akautazama mkono wa dada yake. Hakuna mtu pale ambaye hakuwahi kutukanwa na mama yule huku anapakuliwa chakula. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, akafuta macho kwa ukosi wa koti.

"Mama ni huyo kabisa," akasema. "Simamisheni."

Baadaye tulipewa muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa, na nyama chini ya turubai. Fundi alipita kati ya watu akishikwa mkono kila hatua, wawili wakamwomba namba yake ya simu, akaja akaketi karibu nami na sahani yake. Nikampongeza. Nikamwambia nilijua ataweza, sikuwa na shaka hata chembe. Alitafuna kwanza, akameza.

"Mwalimu, mama alipokuwa akisoma, watu wote walikuwa wanaangalia msalaba," akasema. "Mimi nilikuwa nakuangalia wewe."

Nikamwambia vumbi la Kangundo ni baya, liliniingia machoni gunia lilipoanguka.

"Ulifumba kabla sijakata kamba," akasema, akanisogezea chumvi.